Kompyuta ya kurushia ndege: prosesa ipi, kadi ipi, kwa sisi wa Unguja na Pemba

Kwenye mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji ndege, rusha Cessna Caravan, ndege ndogo, kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume mpaka Pemba, chini yako bahari na mikarafuu, na karibu kompyuta yoyote ya maana itakupeleka. Kisha jaribu kutua Heathrow na ndege kubwa, msongamano kila upande. Hapo picha zinakwama kama gari ya Bububu saa ya skuli kutoka.

Wengi wakifika hapo hulaumu kadi ya grafiki, inayochora picha. Kabla hujatoa pesa, punguza rezolusheni (wingi wa nukta za picha) kwa nusu uangalie. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikipanda, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki pale pale, ni prosesa, ubongo wa kompyuta, na katika mchezo wa Microsoft Flight Simulator mara nyingi ni yeye. Sehemu kubwa ya kazi hupanga foleni kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hivyo viini 16 havikusaidii kama unavyodhani. Kinachosaidia ni kashe, hifadhi ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kitunguu kikiwa jikoni unakikata. Kikiwa Darajani, mchuzi unasubiri. Prosesa ya Ryzen 7 5700X ina kashe kubwa (L3) ya MB 32, lakini 5700X3D ina 96.

Basi kompyuta ningezipanga hivi.

Ya kwanza, kwa anayeanza upya: Ryzen 7 7800X3D, RAM ya DDR5 GB 32, na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 16. 9800X3D ina kasi zaidi, ila tofauti ya bei mimi ningeiweka kwenye UPS, betri ya kuilinda kompyuta umeme ukikatika. Upande wa kadi, RTX 5070 Ti ina nguvu kuliko RX 9070, lakini inakula wati 300 dhidi ya 220. Wati hizo zote zinageuka joto chumbani mwako. Kaskazi ikivuma na huna AC, utazihisi shingoni. Nachagua 9070.

Ya pili ni ya mwenye madabodi ya AM4 tayari, yaani ile ya kizazi cha nyuma cha Ryzen, na kwa shilingi inayotoka mfukoni naipenda kuliko ya kwanza. Sasisha BIOS, programu ya kuwashia madabodi, toa prosesa ya zamani, weka 5700X3D au 5800X3D ukiipata, hata ya mtumba. RAM yako ya DDR4 inabaki. Kadi iwe RTX 5060 Ti, lakini soma boksi vizuri: ipo ya GB 8 na ipo ya GB 16, jina moja. Ya GB 8 hujaa haraka ukiongeza ubora wa mandhari, na ndege inaanza kushtuka-shtuka.

Ya tatu ni Ryzen 5 5600 na RTX 3060 ya GB 12. Tegemea fremu 30 kwa sekunde, nazo kwa kuruka zinatosha; hapa hakuna wa kumpiga risasi. Unachokosa ni uwezo wa DLSS, teknolojia ya kadi za RTX, kutengeneza fremu za kati, ulioanza na kadi za RTX 40.

Ya mwisho ni zile kompyuta za ofisi za mtumba. Pawa saplai yake ndogo na kasha lake jembamba havikubali kadi kubwa. Tia GTX 1650 fupi, ya wati 75, ufanye mazoezi ya X-Plane, mchezo mwengine wa kurusha ndege, kwa ubora wa chini. Kwa mwanafunzi si haba.

Usiichomeke yoyote kati ya hizi moja kwa moja ukutani. Pawa saplai yangu ya kwanza iliungua usiku mmoja, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu.

Na bando? Flight Simulator 2024 huvuta mandhari mtandaoni wakati unaruka. Watengenezaji wanataka angalau Mbps 10 na wanapendekeza 50. X-Plane 12 huyaweka kwenye diski. Kama kwenu mtandao unakuja na kwenda, chagua mchezo kwanza, ndipo uende dukani.