Luano hadi Guangzhou: programu ilisema masaa 13

Nauza simu na chaja kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, na mali naifuata Guangzhou, China. Kabla ya safari ya mwisho nilipakua programu ya bure ya kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Nikaandika Lubumbashi (uwanja wetu unaitwa Luano), nikaandika Guangzhou. Jibu likaja palepale: kilomita kama 10,100, masaa 13.

Nikafurahi, nikampigia mpwa wangu anayesoma kule. Tunaruka saa nane na nusu mchana, China wako mbele yetu masaa sita, basi nitatua saa tatu na nusu asubuhi. "Sawa mjomba, nitakuwepo."

Alikuwepo kweli. Mimi ndiye sikuwepo. Nilitua saa tisa alasiri, nikamkuta amesinzia kwenye kiti, kipande cha boksi chenye jina langu kimeanguka miguuni. Aliamka, akatazama saa, hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye basi.

Hesabu ya programu ni rahisi mno. Inachukua zile kilomita, inagawanya kwa mwendo wa ndege, kama 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Inapima kana kwamba kuna ndege inayotoka Luano moja kwa moja mpaka Guangzhou. Haipo! Mimi nilipita Addis Ababa: masaa manne kufika, manne na nusu ya kukaa nikinywa kahawa, kumi tena angani. Jumla 18 na nusu, na hapo sijahesabu foleni ya Luano, kulipia Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege) na kufunguliwa mabegi.

Lakini sijaifuta. Ukiipa safari kipande kwa kipande, inasaidia sana. Luano hadi Addis Ababa ni kama 2,600, Addis hadi Guangzhou kama 8,000. Ukijumlisha, umezidisha kilomita 500 tu juu ya mstari ulionyooka. Rafiki yangu alikuwa ananishawishi nipite Johannesburg kwa sababu tiketi ilipungua kidogo. Nikaijaribu: jumla karibu 12,300. Unashuka kusini kwanza, halafu ndiyo uanze kwenda China. Nikamwambia aende yeye.

Kasoro nyingine mbili. Inaiwekea Kongo nzima saa ya Kinshasa, wakati sisi huku tuko mbele kwa saa moja. Kila muda wa kutua lazima urekebishe mwenyewe. Pia inatoa masaa yaleyale kwenda na kurudi. Kurudi kutoka China ndege inapambana na upepo unaovuma kutoka magharibi, na safari yangu ya kurudi Addis ilizidi kwa zaidi ya saa moja.

Naipa nyota tatu. Mpwa wangu anasema moja, na siku hizi anadai nimtumie picha ya tiketi.