Kitalu cha maua Barabara ya Bagamoyo: kwanza anakuuliza unakaa wapi

Ukishika Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kuelekea Tegeta, wauza maua wamejipanga kando ya lami na viriba vyao vyeusi, vyungu vya saruji, na bogenvilia zinazokuita ukiwa bado ndani ya daladala. Wengi wana mimea ileile. Ninayemsifu hapa ni mama mmoja wa makamo mwenye kitalu kisicho na hata kibao. Namsifu kwa sababu hakutajii bei mpaka ajue mmea unakwenda kuishi wapi.

Mimi nakaa Kigamboni, upande wa baharini. Nashona madera nyumbani na wateja wananisubiri barazani, kwa hiyo kile kipande cha uwanja kati ya geti na baraza ndicho wanachokiona kabla hawajaiona kazi yangu. Udongo ni mchanga mtupu. Kusi ikivuma inakuja na chumvi, na maji ya kisima chetu huhitaji kuambiwa, ukiyaonja unajua. Nilisimama mbele ya waridi jekundu lililochanua vizuri mno, nikauliza bei.

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Kigamboni, mama."

"Maji ya bomba au kisima?"

"Kisima. Yana chumvi."

"Basi hilo waridi liache. Litakufia, na hela yako imekwenda. Njoo huku nyuma."

Muuzaji wa kukataa hela iliyokwisha kutoka kwenye pochi simpati kila siku hapa mjini. Nikamfuata.

Huko nyuma ndiko kwenye bogenvilia zake kubwa: za zambarau, za chungwa, nyeupe zenye wekundu pembeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini kwa jua na chumvi ya pwani yetu utadhani imezaliwa Mjimwema. Mama alinifundisha jambo ambalo limebadilisha uwanja wangu. Ile rangi tunayoipenda siyo ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Na ukiimwagilia kila siku itakupa majani mabichi tu na miiba. Iache ipate kiu kidogo, ipige jua la kutwa, uipogoe ikimaliza kuchanua, halafu uone. Nimeifuata kanuni hiyo na ukuta wangu wa matofali sasa hauonekani mahali ulipoungwa. Miche midogo kwake ni shilingi 4,000, iliyokwisha kuchanua 10,000.

Alinipa pia kipande cha msanapiti, ule mti wa maua ya kunukia (frangipani), tawi tu lisilo na majani, akaniagiza nilitundike kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke pale lilipokatwa, ndipo nilichomeke mchangani, maana likichomekwa likiwa bichi linaoza. Jirani yangu alinionya kwamba huo ni mti wa makaburini. Ni kweli pwani tumezoea kuuona huko, lakini mti unaovumilia chumvi na ukame, na kunukia hivyo jioni, mimi siunyimi nafasi nyumbani kwangu.

Kwa ajili ya barazani, pasipofika jua, alinichagulia ZZ, ule wenye majani mazito yanayong'aa ambao siku hizi umejaa kwenye mapokezi ya ofisi na benki. Watu wanaununua wakidhani ni mmea wa Ulaya. Ni wa kwetu! Unaota wenyewe kwenye misitu ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ndipo ukaenea dunia nzima. Una viazi ardhini vinavyotunza maji, kwa hiyo hata ukisafiri wiki mbili hauna neno. Ila usiweke mahali mtoto mdogo anapoweza kuutia mdomoni, unawasha. Kwake nilitoa 15,000 pamoja na chungu. Duka moja lenye kiyoyozi lilikuwa linautaka mara nne ya hiyo.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote hakikuwepo siku ile. Niliulizia mkilua, mti wenye ua la kunukia. Akatabasamu, akasema vijana hawauulizi tena, wanataka vya kwenye simu, lakini ana ndugu Bagamoyo atakayemwagiza. Na kweli akaniagizia, akanipigia simu mche ulipofika. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unapenda kivuli, na harufu ya ua lake ndiyo ile ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya bibi zetu. Nimeupanda kando ya baraza, nyuma ya bogenvilia inayoukinga upepo. Nauombea uchanue.

Jambo moja hatukukubaliana. Alinishauri mashoki, ile miti mirefu myembamba, mstari mzima ukutani, kuzuia upepo. Mashoki yamejaa Dar nzima, yamesimama wima, kivuli hakuna, na uwanja mdogo unageuka korido. Mimi napenda bustani inayopanda kwa ngazi: mti wenye kivuli juu, kichaka katikati, majani mapana chini. Anayetaka kuona ninachosema aende Bustani ya Mimea, pale jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Ingia saa saba mchana ukitokea kwenye joto la Mtaa wa Samora, simama chini ya miti ile mikongwe, utaelewa kivuli kinapangwaje.

Kasoro za kitalu zipo. Mimea haina majina wala bei, kwa hiyo bila mama mwenyewe utababaishwa. Vijana wake ni wepesi wa mikono lakini maelezo hawana, na wananyanyua mche kwa kushika shina. Waambie washike kiriba kwa chini. Udongo wa kwenye viriba ni mfinyanzi mtupu, ukikauka ni kama tofali. Ukifika nyumbani loweka kwanza, kisha panda kwenye shimo lenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri.

Nenda asubuhi, ndipo mama anakuwepo. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika au vuli, mvua ikusaidie kumwagilia, hasa sisi wa visima vya chumvi. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, wapo wamepaki jirani. Bei ya kuvuka mpaka Kigamboni mpatane kabla hawajaanza kupakia, na waambie wafunike turubai, maana upepo wa darajani unachana majani.