Isabgoli kwa tumbo la IBS: nunua maganda matupu

Pakiti ya isabgoli haiwi shida kupata famasi za Mombasa, wala kwenye maduka ya Kihindi. Ni maganda ya mbegu za mmea wa Plantago ovata, unaolimwa zaidi Gujarat na Rajasthan. Katika nyuzinyuzi zote zinazouzwa kwa ajili ya tumbo, hii ndiyo inayostahili pesa ya mwenye IBS, yaani tumbo linalouma mara kwa mara na choo kubadilikabadilika.

Maganda yakipata maji hutoa uteute kama wa bamia. Uteute huo hulainisha choo kigumu na kukishikanisha cha majimaji, na huchachuka polepole utumboni, kwa hiyo gesi haizidi. Pumba za ngano hazina uteute huo, na wengi huwachokoza tumbo. Utafiti wa Uholanzi wa 2009, watu 275, ulitumia gramu 10 kwa siku: wa isabgoli walipata nafuu, wa pumba ndio waliojitoa kwa wingi.

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku. Mimina kwenye maji mililita 250, koroga, kunywa papo hapo, kisha shushia glasi ya pili. Ukikawia huganda, hakinyweki tena. Ongeza kijiko kila baada ya siku nne au tano, hadi vitatu. Wanaoparamia vitatu siku ya kwanza ndio wanaolalamika tumbo limejaa upepo. Usiyabugie makavu, yanaziba koo. Na mwenye shida ya kumeza, au aliyewahi kuziba utumbo, asiguse kabisa. Dawa nyingine zitenganishe kwa masaa mawili.

Ile desturi ya kuikoroga kwenye maziwa ya moto haimfai asiyepatana na maziwa. Ramadhani, inywe baada ya futari. Daku ya mbiombio maji huwa hayatoshi.

Za ladha ya chungwa ziache. Nyingine zina sukari au sobitoli (kitamu cha badala ya sukari), na sobitoli yenyewe huleta gesi. Unyevu wa pwani nao huyafanya maganda mabonge, basi yahamishe kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza.

Na isabgoli haifuti mbaazi za nazi. Sukari za mbaazi na vitunguu huchachuka vilevile, hata ukichagua vipande vya kitunguu ukavitupa, maana zimeshayeyuka mchuzini. Asubuhi vitumbua vya mchele ni salama kuliko mahamri ya ngano, yenye sukari kama hizo.

Wiki nne bila mabadiliko, acha. Damu chooni, homa au kukonda bila sababu, nenda kwa daktari kwanza.