Mkate wa kumimina wa Darajani: jina lisiwapotoshe

Wageni wa Unguja, mkate wa kumimina wa yule mama karibu na soko la Darajani si wa kupaka siagi, kama shemeji yangu wa Dodoma alivyodhani. Ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke ndipo ukamiminwa sufuriani. Mama huyu hana ubahili wa iliki, na juu anaupalia makaa mpaka unapiga wekundu. Ndani laini, vitundu tele. Mwanangu ngano inamdhuru, nikauliza kama anachanganya unga. Akanionyesha mchele wake. Kwangu mimi sukari imezidi kidogo. Nendeni alasiri, magharibi huwa umekwisha.