UDA au daladala: nani aliibeba Dar?

Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ilizaliwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya DMT (Dar es Salaam Motor Transport) kugawanywa. Safari za mikoani zikaenda KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. UDA lilikuwa shirika la umma, na mabasi yake marefu ya Ikarus, yaliyoitwa kumbakumba, yalizoa umati wa watu kwa mkupuo mmoja. Vipuri vilipoadimika, mabasi yakalala gereji, watu wakabaki vituoni.

Daladala ziliruhusiwa rasmi 1983. Kumbuka chai maharage, zile daladala za zamani: mabenchi, abiria wametazamana, magoti yamegusana. Kwa wepesi wa kupatikana, UDA haioni ndani. Kwa haki ya abiria, naichagua UDA bila kusita, maana konda anayesaka hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kumpelekea mwenye gari, humzuia mwanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yake ndogo, na hilo linaniuma mpaka leo.