Uzoefu wangu gati la Clevedon: nendeni, ila vaeni koti

Jumamosi nilikuwa kwa wifi yangu Bristol, huku Uingereza, huyu mtu kila nikimpigia simu ananiambia njoo nikupeleke ukaone gati, na mi namjibu wifi, mtoto wa Tanga mimi nikashangae gati? Basi nimeshangaa.

Treni haifiki Clevedon siku hizi, tukapanda basi. Kiingilio unalipa pale mwanzoni kwenye nyumba ya mawe, wifi akaguna kidogo eti kulipia kutembea, mi sijaona shida. Chini ni mbao tupu na kati ya ubao na ubao kuna upenyo, ukichungulia unaona maji ya tope yanapita mbio chini ya miguu yako, wenye kizunguzungu mjipange.

Sasa kilichoniteka ni nguzo zake, nyembamba kama miguu ya korongo, nikawa najiuliza hii kitu imesimamaje tangu 1869. Kumbe ni reli! Reli za treni kabisa. Zilikuwa za njia ya South Wales, aina ya Barlow, zilitengenezwa zilazwe kwenye kokoto bila mataruma (yale magogo ya kushikilia reli chini), treni zikipita reli zinaachana, mwisho zikang'olewa, na wajenzi wa gati wakazichukua wakazipiga ribiti mbili mbili. Mtumba wa chuma, na upo hadi leo.

Halafu maji ya huku bwana. Mi bamvua naijua, nyumbani yakijaa sana ni mita tatu nne hivi, huku tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 13!! Tumefika yamejaa, tumekaa kule mwisho kwenye banda tukapiga chai na stori, kuja kuchungulia tena ngazi za kushukia kwenye meli zimebaki zinaning'inia na mwani wake, maji yako huko chini kama umetazama kisimani.

Ila mnajua liliwahi kuanguka? Mwaka 1970 walikuwa wanapima kama linabeba uzito, mambo ya bima, wakaweka matangi ya plastiki juu wakayajaza maji, vipande viwili vikaenda baharini. Likatakiwa kubomolewa kabisa, watu wa pale wakakataa, wakachanga miaka na miaka, likafunguliwa tena 1989 na kule mwisho kabisa 1998. Ndo maana utakuta vibati vya shaba vyenye majina ya waliochangia, wifi alikuwa anavisoma kimoja kimoja mpaka nikamwacha nikatangulia, kuna kimoja nahisi kabisa ni jina la mbwa.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ule upepo, Wales unaiona ng'ambo pale na nadhani kofia yangu imeshafika.