Feni ya kuchaji ya inchi 16: kifaa cha usingizi kwa fukuto la Dar

Kuanzia Desemba hadi Machi, mkazi wa Dar es Salaam akiambiwa alegeze mwili na kuvuta pumzi taratibu ili alale, ushauri huo unakuwa umesahau fukuto. Usingizi huja vizuri joto la ndani ya mwili likishuka kidogo, na joto hilo hutoka sana kupitia viganja na nyayo. Unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, na chandarua nacho hupunguza upepo. Ndiyo maana tunaipima feni ya stendi ya kuchaji, aina inayouzwa madukani Kariakoo, kwa swali moja tu: inasaidia mtu kulala?

Inasaidia sana, na tunaipa nyota nne kati ya tano. Ikiwa namba moja inatoa mvumo usiobadilika, unaofunika bodaboda na mbwa wa jirani. Pangaboi linaweza kuvuma vizuri zaidi, ila umeme ukikatika saa saba usiku, ukimya na joto vinakuamsha kwa pamoja. Usiiache igeuze shingo. Upepo unaokuja na kuondoka humfanya mtu ausubiri, na anayesubiri hajalegea.

Iweke upande wa miguuni, mita moja na nusu kutoka kitandani, ielekee nyayo. Ikiwa mchagoni hukausha koo na macho. Chandarua kichomeke chini ya godoro kisipepee.

Hapo ndipo zoezi la kulegeza misuli, ambalo daktari Mmarekani Edmund Jacobson aliliandikia kitabu mwaka 1929, linapofanya kazi. Kaza nyayo kwa sekunde tano, achia kwa sekunde 15 huku ukisikiliza tofauti. Panda hivyo hivyo: mapaja, tumbo, viganja, mabega, taya, paji la uso. Kosa la kawaida ni kukaza kwa nguvu zote. Shavu la mguu hukakamaa na usingizi unapotea. Nusu ya nguvu inatosha. Kosa jingine ni kubana pumzi wakati wa kukaza. Ukimaliza, vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano hivi. Zikipita kama dakika 20 uko macho, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia.

Nyota iliyopungua ni ya betri na taa. Feni nyingi za aina hii zina betri ya asidi ya volti 12. Yenye 7Ah (saa-ampea saba, kipimo cha chaji inayotunzwa) hubeba wati-saa 84. Feni ikila wati 15, kwa hesabu ingekwenda saa tano na nusu, lakini betri hii huharibika ikikamuliwa hadi mwisho, hivyo tegemea saa tatu hadi nne. Kinachoiua mapema ni kuachwa tupu kwa wiki kadhaa: sahani zake hushika chumvi ngumu, haitunzi tena chaji. Ichaji mara umeme unaporudi, na walau mara moja kwa mwezi hata kama haijatumika. Taa ya chaji ni kali mno kwa chumba chenye giza. Ibandike tepu nyeusi ya mafundi umeme.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji achomoe waya, awashe namba moja, kisha weka sikio karibu na mota. Ukisikia tiktik, omba nyingine. Dukani kwenye kelele mlio huo ni mdogo, chumbani usiku utausikia kila mzunguko.